Mama Mkwe Kiti cha Nyuma

Fundi Gidahosh alizima grenda, akavua miwani yake, akaokota kipande cha springi kilichodondoka chini na kumpa mwenye gari. Kilikuwa bado cha moto. Mwalimu Herman Akonaay alikipokea kwa leso, akakigeuzageuza, akatabasamu peke yake.

"Mzunguko mmoja na nusu kila upande," alisema. "Umepima sawasawa?"

"Nimepima. Ila mwalimu, nakuuliza tena, halafu basi. Hili gari utapanda peke yako?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huu ni mwaka wa tisa nina gereji hapa Katesh. Watu wananiletea magari niyainue nyuma. Niweke raba, niweke spesa, niongeze springi. Wewe ni wa kwanza kuniambia nishushe."

Mwalimu alimwonea huruma. Alifundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne, na alikuwa na tabia ya kumwonea huruma kila aliyemuuliza swali jepesi. Alitoa chaki mfukoni, akachora gari kwenye mlango wa bati wa gereji, akachora na mishale ya upepo. Gari la haibridi, alieleza, limeundwa kubana mafuta, petroli inasaidiwa na umeme. Lakini likiwa tupu nyuma pamekaa juu. Upepo wa tambarare za ngano kule Basotu unaingia chini yake, unalinyanyua, unalisukuma huku na huku, na usukani unakuwa mwepesi mkononi. Ukikata springi likashuka, kisha ukafunga plastiki pana chini ya mkia ili upepo uteleze bila kukwama, gari litalala barabarani na litakunywa mafuta kidogo zaidi.

Gidahosh aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

"Upepo nimeuelewa, mwalimu. Mimi nilikuwa nauliza watu."

Lakini alifanya kazi aliyoagizwa. Plastiki waliipata kwenye tangi la maji lililopasuka, wakaikata, wakaifunga kwa boliti. Jioni ile Mwalimu Herman alilijaribu gari kwenye lami, njia ya kwenda Singida. Upepo ulikuwa mkali, na malori yaliyopishana naye yalipiga kelele za maturubai, lakini kigari cheupe hakikuyumba. Kwenye kona kilifuata usukani bila ubishi. Mwalimu aliimba pambio zima la kanisani, beti zote, na hakuwa mwimbaji.

Ndani ya gari alikuwa yeye na mkoba wa madaftari. Nalisema hili mapema ili nisije nikalaumiwa kwamba nimelificha. Mtu mwenye shahada ya ualimu alipima gari likiwa tupu, katika nchi ambayo gari tupu halipo.

Nyumbani alimwambia mkewe kwamba amefanya sevisi. Oliva, ambaye alikuwa akimalizia sare za kwaya kwenye cherehani yake, hakuuliza ni sevisi gani. Kichwani alikuwa na jambo moja tu. Mama yake, Verediana wa kijiji cha Masieda, alikuwa Haydom hospitalini, ametolewa mtoto wa jicho, na Jumamosi angeruhusiwa. Daktari alisema asiiname, asibebe kitu, na asirushwerushwe njiani, maana jicho lilikuwa bado bichi. Angekaa kwao Katesh mpaka lipone.

"Nilimwambia mwenyewe kwenye simu," alisema Herman. "Basi hatapanda. Mkwe wake ana gari."

"Alivyofurahi!" alisema Oliva. "Amewaambia wodi nzima."

*

Na kweli wodi nzima ilikuwa imeambiwa. Jumamosi, saa tano asubuhi, wanawake wanne waliokuwa na bandeji za macho walitoka hadi kwenye kivuli cha ukuta kumsindikiza Mama Verediana na kuliona hilo gari. Alikuwa mama mkubwa wa umbo, mabega mapana ya mtu aliyelima maisha yake yote, amevaa miwani nyeusi na kitenge kipya. Imakulata, mdogo wake Oliva, aliyekuwa amemuuguza, alimshika mkono.

"Shikamoo mama," alisema Herman, akisimama mbali kidogo na kuinamisha macho.

"Marahaba, baba. Habari za kazi? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Pole na kuugua."

"Nimepoa. Sasa ngoja nilitazame gari na jicho langu jipya." Alilizunguka taratibu, akalitazama kutoka mbele hadi nyuma. "Jeupe hivi! Mimi niliambiwa jeupe, lakini sikujua ni jeupe hivi. Jamani, huyu ndiye mkwe wangu."

Wanawake wa bandeji walipiga vigelegele. Herman aliona fahari mpaka masikio yakamwaka moto.

Kisha mizigo ikaja. Mama Verediana hakuwa mtu wa kwenda kwa mkwe mikono mitupu, hata kama anatoka hospitali. Alikuwa ameagiza kutoka Masieda gunia la mahindi, debe la maharage na majogoo wawili waliofungwa miguu. Gunia liliingia nyuma, na gari likashuka. Debe likaingia, likashuka tena. Herman aliliona pengo kati ya tairi na bodi likipungua mpaka kiganja hakikuweza kupita, na jasho likamtoka kidogo, lakini angesema nini? Angeirudisha zawadi ya mama mkwe mbele ya wodi nzima?

Hapo likabaki la kukaa. Kila mmoja wetu wa huku analijua hili, hakuna aliyewahi kulijadili. Mtu hakai bega kwa bega na mama mkwe wake. Kwa miaka kumi na miwili Herman hakuwahi kumpa mkono Mama Verediana, hakuwahi kula naye meza moja, na mama akipita mlangoni yeye husimama pembeni. Kwa hiyo Oliva alikaa mbele, na mama akakaa nyuma na Imakulata, juu kabisa ya zile springi. Kama wangebadilishana tu, mama mbele na Oliva nyuma, pengine hadithi hii isingekuwapo. Herman aliipiga hesabu hiyo pale pale, akaona jibu liko sahihi, na hakuweza kulitamka.

*

Kishindo cha kwanza kilikuja kabla hata hawajaziacha nyumba za Haydom. Lilikuwa tuta dogo tu. Chuma kiligonga chuma chini ya kiti cha nyuma, kuu! na Mama Verediana akarushwa, akashika jicho.

"Yesu!"

"Pole mama!" Oliva aligeuka. "Limeumia?"

"Halijaumia. Endelea baba, endelea."

Herman aliendelea kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Haikusaidia. Springi zilikuwa zimelala kabisa, hazikuwa na pa kwenda. Kila jiwe lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Ile plastiki ya chini ya mkia ilianza kukwangua changarawe, ikitoa mlio mrefu, mbaya, hata wachunga ng'ombe wakasimama na kugeuza shingo. Imakulata aliweka kiganja chake nyuma ya kichwa cha mama ili kisigonge.

"Baba Alfredi," Oliva alisema kwa sauti ya chini, "si ulifanya sevisi?"

"Nilifanya. Barabara imeharibika sana."

Ilikuwa imechongwa mwezi uliopita. Oliva aliitazama barabara, kisha akamtazama mumewe.

Walipofika kwenye korongo la kwanza gari liligoma kupanda upande wa pili. Tumbo lilikaa juu ya ukingo, tairi za nyuma zikaingia ndani ya bodi na kutoa harufu ya raba inayoungua. Ilibidi washuke. Mama Verediana alishuka kwa kushikwa na binti zake wawili, akapanda ukingo kwa miguu, polepole, viatu vyake vya hospitali vikiteleza kwenye mchanga. Herman alimwona kwenye kioo. Mtu aliyeambiwa asirushwerushwe alikuwa anapanda korongo saa saba mchana, na gari la mkwe wake likipanda mbele yake bila abiria.

Aliporudi kwenye kiti, mama alikuwa anahema. Alicheka kicheko kifupi.

"Jamani, ni mimi. Hospitalini wamenilisha mno. Uji asubuhi, wali mchana. Nimemlemea mkwe."

"Hapana mama," alisema Herman.

"Ni mimi, baba. Gari limenikataa."

Hapo ndipo pa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa matatu au manne: mama, mimi nimekata springi. Yalifika mpaka kwenye meno. Lakini Oliva alikuwa pale, na Imakulata alikuwa pale, na Herman aliona picha yake mwenyewe, yule mwalimu mwenye chaki gereji, akaona haya. Akasema, "Tutafika tu, mama," akatia gia.

Korongo la pili walishuka tena. La tatu, Mama Verediana hakusubiri kuambiwa. Alifungua mlango mwenyewe. Upande wa pili walikuta wanawake wawili waliokuwa wanatoka kisimani, na mama akawasalimia, akawauliza habari za mvua, kisha akamwambia Imakulata alitoe gunia.

"Mama, unafanya nini?" Oliva aliuliza.

"Nawapa hawa. Wana watoto. Gari lipumue."

"Lakini uliyaleta kwa wajukuu!"

"Wajukuu watakula mengine."

Wale wanawake walishukuru mpaka wakapiga magoti, wakidhani wamekutana na mtu mwenye nazo. Herman alishika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele. Mahindi yale yalikuwa yamepaliliwa kwa mikono ya mtu asiyeona vizuri, na yeye alikuwa ameyamwaga barabarani kwa ajili ya upepo.

*

Basotu ilikuwa siku ya mnada. Walipolifikia ziwa, Mama Verediana aliomba wasimame kidogo. Alivua miwani nyeusi, akaweka mkono juu ya paji la uso.

"Kumbe lina rangi hii," alisema. "Miaka sita nimepita hapa, nilikuwa naona weupe tu, nikadhani ni ukungu."

Oliva alifuta pua kwa ncha ya kanga. Ilikuwa nafasi nyingine ya kusema, na Herman aliipitisha kama alivyozipitisha nyingine.

Mita mia mbili mbele, katikati kabisa ya watu wa mnada, lilikuwapo tuta lililoundwa kuzuia mwendo kasi wa magari. Gari lilipanda kwa mbele, likashuka, likakaa. Plastiki ilinasa, tairi zikazunguka bure. Watu wakaja, maana gari lililokwama sokoni ni la watu wote. Wanaume sita wakashika bampa.

"Moja, mbili, tatu!"

Halikutoka.

"Nani yuko ndani? Aaa, mshusheni huyo mama! Mama mnene hivi mnamweka nyuma kwenye kigari cha namna hii? Mtavunja ekseli!"

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka tu kicheko cha sokoni. Lakini lilikuwa limesemwa, kwa sauti, mbele ya mkwe. Uzito wa mwili wa mama mkwe ni kitu ambacho Herman hakuruhusiwa hata kukiwaza, na sasa mnada mzima ulikuwa unakipima. Mama Verediana alishuka bila kusaidiwa. Alijifunika kitenge kichwani, akakivuta mpaka usoni, akaenda kusimama kando ya meza ya mwuza sato, mgongo umeelekea watu.

Gari likatoka kwa wepesi, na watu wakashangilia.

"Umeona sasa!" mmoja wao alimpiga Herman begani. "Tatizo ni mzigo."

"Asante," alisema Herman. Alishukuru! Angeweza kumwambia mtu yule asiyemjua, angalau huyo mmoja, lakini alishukuru.

Lori la vitunguu lilikuwa limesimama nyuma yao likisubiri njia. Dereva wake, Abdulrahim, mfanyabiashara wa Katesh anayemnunulia Oliva vitambaa Arusha, aliteremka kusalimia. Alitazama gari, akatazama lilivyokaa, akainama kidogo kuchungulia chini ya mkia. Kisha akamtazama mwalimu. Aligeuka kwa Mama Verediana.

"Shikamoo mama. Pole na safari. Mimi kiti changu cha mbele kiko wazi, wewe na huyu dada mnaenea. Lori langu linanesa vizuri, halitakusumbua jicho."

"Mwanangu, nisikutie taabu. Mimi ni mzito."

"Mama, nimebeba tani saba za vitunguu. Wewe utanizidishia nini?"

Mama alisita, akimtazama Herman kama anayeomba ruhusa. Na Herman, ambaye alikuwa ameahidi kwenye simu kwamba mama hatapanda basi, alisema, "Ni sawa, mama. Ni salama zaidi." Kiti cha lori kilikuwa juu, na walimpandisha kwa stuli ya mwuza samaki.

*

Kutoka Basotu, Herman na Oliva walikuwa wawili tu. Tambarare ilifunguka, ngano imeshavunwa, mabua yamebaki, na upepo wa alasiri ukaja kutoka ubavuni kama unavyokuja kila siku. Gari lilikuwa limerudi juu kiasi chake. Halikuyumba hata kidogo. Lilikata kona kwa utulivu, na kipimo cha mafuta kwenye dashibodi kilionyesha namba ndogo kuliko zote alizowahi kuziona. Alikuwa sahihi kuhusu upepo. Kwa nusu dakika moyo wake ulifurahi, na alipogundua kwamba umefurahi, alijichukia.

"Mbona sasa linakwenda vizuri?" Oliva aliuliza.

Herman alikaza macho barabarani.

"Mama alikuwa analia pale kwenye samaki. Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Daktari alimkataza kulia. Chumvi ya machozi na vumbi." Aligeuka kumtazama. "Tangu niolewe hajawahi kukukosea neno. Leo ameomba msamaha mara ngapi? Nimehesabu tano."

Herman aliwasha kiashiria cha kupita toroli la punda, akapita vizuri sana.

*

Walipofika nyumbani lori lilikuwa limetangulia. Abdulrahim alijua njia. Majirani walikuwa wameshajaa sebuleni kumpa mama pole. Mzee Bonaventura, katekista mstaafu wa nyumba ya pili, alikaa kwenye kochi kubwa, na Mama Verediana alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa chumba. Jicho lilikuwa salama. Alikuwa ameanza kuwasimulia safari, naye alikuwa msimuliaji mzuri.

"Nikawaambia, gari la mkwe wangu si la kubeba kiboko! Limepiga magoti. Pale Basotu wanaume sita, jamani, sita, wameshindwa kuniinua!"

Watu walicheka mpaka wakashikilia mbavu. Herman alisimama mlangoni, funguo mkononi, akaliona jambo lote lilivyokuwa. Mama alikuwa analisema mwenyewe kwanza ili mwingine asipate nafasi ya kulisema. Alikuwa anamkinga yeye na gari lake, kwa mwili wake mwenyewe, mbele ya watu.

"Si kweli," alisema Herman.

Kicheko kilipungua.

"Si kweli, mama. Si wewe. Mimi nimekata springi za nyuma. Jumatano, kwa fundi. Nimelishusha gari ili lisiyumbe kwa upepo. Gari lilikuwa linaweza kubeba watu watano na mzigo wao vizuri kabisa, mimi nimeliharibu. Halafu nimekaa kimya njia nzima, nikakuacha useme ni uzito wako."

Alikuwa amesema. Alisubiri ghadhabu, na angeipokea kwa mikono miwili.

Mzee Bonaventura alitikisa kichwa taratibu, akatabasamu kwa meno yake machache.

"Mmesikia hayo?" aliwaambia wengine. "Hivyo ndivyo mkwe anavyotakiwa kuwa. Anajitwisha lawama mama asione haya. Vijana wa siku hizi wangapi wanaweza?"

"Hakuna," jirani mmoja aliitikia. "Mwalimu ana adabu."

"Lakini ni kweli," alisema Herman. "Mzee, kamuulize Gidahosh. Vipande viko gereji."

"Ndiyo, ndiyo," alisema mzee kwa upole, kama mtu anayepokea maneno ya heshima na kuyaweka mahali pake. "Nani akate springi nzima za gari lake? Tena mwalimu wa fizikia?"

Wakacheka tena, kwa upendo. Mama Verediana aliinamisha kichwa na kukunja ncha ya kitenge chake.

"Asante, baba," alisema kwa sauti ndogo. "Umenisitiri."

Herman alitoka nje. Hakuwa na mahali pa kwenda, akaegemea ukuta chini ya dirisha la chumba alichoandaliwa mama. Baada ya muda Oliva alikuja na beseni la maji ya kunawa mikono ya wageni, akalimwaga kwenye migomba. Alikwenda kwenye gari, akapiga goti, akaingiza mkono juu ya tairi la nyuma, akapapasa. Alirudi akiifuta mikono kwenye kanga.

"Wao wanadhani ni adabu," alisema.

"Na wewe?"

"Mimi nimekuamini."

Hakusema kwa hasira. Aliokota beseni akarudi ndani, na Herman akabaki palepale alipo. Alisikia sahani zikigawiwa, akasikia mlango wa chumba ukifunguliwa na Oliva akimkaribisha mama yake chakula, wali na jogoo mmoja kati ya wale wawili. Kijiko kiligonga sufuria mara moja, mara mbili.

"Punguza, mwanangu," Mama Verediana alisema mle ndani. "Punguza tena."